Shilingi ya chakula inalala wapi? Swali kutoka Nyando kuhusu mboga, masoko na uchumi wa kijani

Katibu wa Nyando (mwanzilishi wa mada)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mboga za kienyeji katika tambarare za Kano, upande wa Nyando. Wanachama wetu wengi ni akina mama wenye robo ekari au nusu ekari, na wanalima managu, saga, kunde na mrenda, mbali na mahindi ya kula nyumbani. Kila Jumamosi usiku tunapakia mzigo na kuupeleka Kisumu ili uwahi soko kubwa la Jumapili pale Kibuye.

Hivi majuzi tuliitwa kwenye kikao cha wananchi cha kutoa maoni kuhusu mpango wa maendeleo wa mwaka ujao. Tuliambiwa kila kikundi kilete pendekezo moja tu, kwa maandishi, la kuonyesha jinsi chakula kinacholimwa hapa kinavyoweza kukuza uchumi wa kanda yetu bila kuumiza ardhi wala Ziwa Viktoria. Tangu siku hiyo hatujaelewana. Wazee wanataka pampu za sola, vijana wanataka lori, na akina mama wanataka chumba baridi kwa kuwa waliona kimoja walipokwenda ziara. Mimi ndiye ninayeshika daftari, na kadiri ninavyolipitia ndivyo ninavyoona kwamba shida yetu haimo katika hayo matatu, ila sijapata jina la kuiita.

Nitatoa mfano mmoja. Jumapili moja ya msimu wa mvua tulishusha magunia 11 ya managu saa tisa usiku. Kufikia saa moja asubuhi mizigo ya wenzetu ilikuwa imejaa hadi barabarani, bei ikawa inashuka kila baada ya nusu saa, na ilipotimu saa sita mchana majani yalikuwa yameanza kugeuka manjano. Magunia matatu tuliyaacha kwenye biwi la takataka, kwa sababu nauli ya kuyarudisha ilizidi thamani yake. Nilipokuwa nikitafuta gari la kurudi nilipita kwenye meza za wachuuzi nikaona vitunguu vya Tanzania, mayai ya Uganda na samaki waliogandishwa kutoka China, ilhali ziwa lenyewe liko pale chini. Jioni ya siku hiyo hiyo tukatoa fedha za kununua mbolea, nayo pia imevuka bahari.

Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Tukiwa na nafasi ya kuomba jambo moja tu, tuombe nini? Na huu uchumi wa kijani unaotajwa kila mahali una maana gani kwa mtu wa nusu ekari?

Mwalimu wa Njoro

Katibu, hongera kwa kushika daftari, kwa maana vikundi vingi hufa si kwa kukosa mvua bali kwa kukosa daftari. Nimefundisha hesabu za biashara kwa muda mrefu, na nadhani shida unayoitafutia jina ni uvujaji. Mnazalisha, mnauza, lakini fedha hailali kwenu.

Fanyeni zoezi hili kabla ya kuandika pendekezo lolote. Chukueni kila shilingi 100 iliyoingia msimu uliopita, mwandike ilikwenda wapi. Iliyolipa mbolea, dawa, mbegu za dukani na dizeli iliondoka katika kanda siku ile ile, hata kama mliikabidhi kwa mwenye duka mnayemjua kwa jina. Iliyomlipa mpaliliaji, msukuma mkokoteni, mshona magunia na mama wa uji pale sokoni ilibaki, nao wakaitumia tena kwa kinyozi, kwa karo na kwa kununua managu yenu wenyewe. Tuseme katika kila mkono inamopita, shilingi 60 kati ya 100 hubaki katika kanda. Mzunguko wa kwanza ni 100, wa pili 60, wa tatu 36, wa nne karibu 22, na ukiendelea kujumlisha hadi mwisho utapata 250. Sasa tuseme zinazobaki ni 20 tu: 100, kisha 20, kisha 4, na jumla haivuki 125. Ni mboga zile zile na jasho lile lile, lakini eneo moja linapata mara mbili ya lingine. Haya ni makisio ya ubaoni, ndiyo, ila yatawasaidia kuona ni tundu lipi la kuziba kwanza.

Naongeza tahadhari kuhusu neno kanda, kwa sababu nimesikia watu wakilitumia kana kwamba kila kaunti inapaswa kujilisha yenyewe kwa kila kitu. Hilo haliwezekani wala halifai. Ufuo wa ziwa uko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Molo, huku kwetu Nakuru, iko karibu mita 2,500. Viazi vya Molo haviwezi kulimwa Ahero, huko kwenu tambarare za Kano, na mpunga wa Ahero hauwezi kulimwa Molo. Hapo biashara si uvujaji. Ni jirani kumuuzia jirani. Kaunti 14 za ukanda wa ziwa zimekwisha kuunda jumuiya yao ya kiuchumi, kuanzia Busia na Migori hadi Bomet na Trans Nzoia, na hilo ni jambo jema, ingawa Nakuru yetu haimo na viazi vyetu havijali mipaka hiyo. Kinachopaswa kuwatia wasiwasi si kiazi kutoka Molo bali ni kitu ambacho mngeweza kukizalisha hapo hapo na bado mnakinunua mbali. Mayai, kwa mfano. Anzeni na mayai katika zoezi lenu, mjiulize kwa nini kuku wa Nyando ameshindwa na kuku wa ng'ambo ya mpaka. Nina hakika mtajikuta mnazungumza juu ya bei ya chakula cha kuku.

Mama Viazi

Katibu, mimi ni mfanyabiashara wa viazi kutoka Molo hadi Kisumu, na nimekuwa katika barabara hiyo tangu watoto wangu wako chekechea. Mwalimu amesema kweli lakini amesema kama mwalimu. Nitakwambia mimi mahali shilingi inapovuja: inavuja katika kipimo.

Nilipoanza, mkulima alikuwa akinipakilia gunia la lumbesa, lile lililofurika hadi likashonewa kofia ya wavu na kamba juu, na mimi nilikuwa nikilipa bei ya gunia moja kwa kitu ambacho wanaume wawili hawakiinui. Nilifaidika, sifichi. Kisha nilipofika sokoni nilikuta mnunuzi mwenye nguvu kunishinda akinifanyia vile vile. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, na ni kanuni nzuri, lakini kanuni haina mikono ya kupima. Ambako wakulima walisimama na mzani wao shambani, lumbesa iliisha. Ambako walingoja mtu aje awapimie, bado ipo hadi leo.

Ninyi wa mboga hali yenu ni mbaya zaidi, kwa sababu gunia la managu halina kilo. Linashindiliwa kwa miguu, linamwagiwa maji ili lionekane bichi, na mnunuzi akilifungua saa tatu baadaye katikati kumechemka kama samadi mpya. Magunia yenu matatu yaliyoharibika naweza kuapa yalishindiliwa. Mboga ya majani inataka kreti au kikapu, ivunwe jioni jua likiwa limepoa, ikae kivulini, na ifungwe mafungu yenye uzito unaojulikana. Mkifika sokoni mkisema hili ni fungu la nusu kilo, na Jumapili ijayo likawa nusu kilo tena, mteja wa hoteli atawatafuta ninyi. Nimeona hivyo kwa macho yangu kwa mama mmoja wa sukuma wiki pale Kondele, Kisumu, ambaye hana shamba kubwa kuliko lenu.

Chumba baridi msikikimbilie. Bili ya umeme haiulizi kama mmeuza. Kipo kile cha kuta za makaa yanayolowanishwa maji, ambacho hakina umeme na hufanya kazi vizuri wakati wa ukavu, lakini katika unyevu wa mvua ndefu hakipoozi sana, na hapo ndipo mlipopata hasara. Lori nalo ni mdomo mwingine wa kulisha. Mimi nakodi, na siri ya kukodi ni safari ya kurudi. Lori la viazi likirudi Molo tupu, dizeli ya kilomita nyingi imechomwa bure, na mwenye lori ameihesabu juu ya viazi. Siku hizi narudi na mchele wa Ahero na omena, wale dagaa wa ziwani, na bei ya usafiri imegawanyika. Kama unatafuta maana ya kijani kwa mtu wa kawaida, lori lisilorudi tupu ni mojawapo.

Msomaji wa Milimani

Naomba nipinge kidogo, kwa nia njema. Mada inaelekea kudhani kwamba chakula cha karibu ni cha kijani kwa sababu tu ni cha karibu. Mwaka 2018 Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha katika jarida la Science uchanganuzi wa takwimu za mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119, na usafirishaji ulikuwa sehemu ndogo, takriban asilimia 6, ya gesi zinazoongeza joto duniani zitokanazo na chakula. Sehemu kubwa hutokea shambani kwenyewe na katika namna ardhi inavyobadilishwa matumizi. Nyanya iliyolimwa kilomita tano kutoka hapa kwa kunyunyiziwa dawa kila wiki, kandokando ya mto unaoingia ziwani, si ya kijani kuliko kitunguu kilichotoka Tanzania. Basi katika pendekezo lenu msijenge hoja juu ya umbali. Jengeni juu ya namna mnavyolima na juu ya yale magunia matatu, maana mboga zinazooza katika biwi lisilopata hewa hutoa methani, mojawapo ya gesi hizo za joto, na kila kilichotumika kuzilima kimekwenda bure.

Afisa Mstaafu, Vihiga

Msomaji wa Milimani amegusa mahali panapouma, nami nitaongezea kwa kuwa nimetembea mashamba ya kanda hii kwa pikipiki hadi magoti yakachoka.

Kwanza udongo. Huku kwetu Vihiga na Kakamega, udongo mwekundu wa mvua nyingi umekuwa mchachu, na mbolea ya kupandia ya DAP iliyotumika mwaka baada ya mwaka imeuongezea uchachu. Katika udongo wa namna hiyo fosforasi unayoinunua kwa bei ghali hunaswa na mizizi haiipati. Dawa yake ni chokaa, na chokaa inachimbwa Koru, katika kaunti ya Kisumu hiyo hiyo. Hapo pana shilingi inayoweza kulala nyumbani. Lakini wewe Katibu usiinunue! Ninyi wa Kano mna udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi hadi mguu wa ndama ukazama, na ambao ukinyeshewa hushikilia maji juu. Huo kwa kawaida si mchachu. Unachohitaji ni mboji na matuta yaliyoinuliwa ili mizizi ipumue. Nimeona vikundi vikipewa msaada wa chokaa na kuimwaga mahali isipotakiwa, kwa sababu tu bajeti ilikuwa imeandikwa chokaa. Pimeni udongo kwanza. Gharama yake ni ndogo kuliko mfuko mmoja wa mbolea.

Pili mahindi. Umesema kila mwanachama analima mahindi ya kula, na nakisia kuwa fedha nyingi za mbolea na dawa zinakwenda huko wala si kwenye mboga. Ukivuka ghuba kutoka kwenu, pale Mbita, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE pamoja na wenzao walibuni katika miaka ya 1990 mbinu ambayo wakulima wanaijua kwa jina la sukuma-vuta. Unapanda desmodi, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi, na kuzunguka shamba unapanda matete ya mifugo. Harufu ya desmodi inamfukuza nondo wa viwavi vya shina, matete yanamvuta akatage huko nje ambako viwavi wengi hawaponi, na mizizi ya desmodi inaizuia striga, lile gugu la maua ya zambarau ambalo Waluo huliita kayongo. Desmodi inarutubisha udongo kwa nitrojeni, na yenyewe pamoja na matete ni chakula cha ng'ombe. Ng'ombe anatoa maziwa na samadi, na samadi inarudi kwenye managu. Sisemi ni muujiza: mbegu ya desmodi ni ghali na haipatikani kila duka, palizi ya msimu wa kwanza inachosha sana, na nimewaona wengi wakiing'oa kabla haijashika kwa kudhani ni magugu. Waliovumilia msimu wa pili hawakurudi nyuma.

Tatu ni mbegu. Managu na saga za akina mama wenu zimetunzwa kwenye vibuyu na majivu kwa vizazi, na bado sheria ya mbegu, baada ya marekebisho ya mwaka 2012, ilimweka mkulima anayeuza au kubadilishana mbegu isiyosajiliwa katika hatari ya faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka miwili. Wakulima wadogo walikwenda mahakamani, na mwezi Novemba 2025 Mahakama Kuu ikatamka kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Kwa hiyo mnaweza sasa kuwa na ghala la mbegu la kikundi bila woga. Chagueni mimea iliyo bora, muiache ikomae, msivune majani yake hata kama bei imepanda. Hapo ndipo nidhamu ya kikundi hujulikana. Mbegu ya managu hukamuliwa kutoka katika tunda lililoiva, ikaoshwa hadi utelezi wote uishe, kisha ikakaushwa kivulini. Wengi huiosha haraka haraka, na ndiyo sababu haioti.

Katibu wa Nyando

Nawashukuru sana. Mama Viazi, umenifichua: ni kweli tunashindilia, na ni kweli tunamwagia maji. Mzee wa Vihiga, daftari limekubaliana nawe, kwani nimerudia hesabu jana usiku nikakuta zaidi ya nusu ya fedha za pembejeo zilikwenda kwenye mahindi ambayo hatuyauzi.

Kuna jambo sikulitaja. Tuliwahi kumpata mteja wa kudumu, shule moja ya bweni, tukapeleka mboga kila Jumanne na Ijumaa bila kukosa. Malipo yalifika baada ya miezi saba. Kwa mtu wa robo ekari miezi saba ni misimu miwili, na wanachama wanne walijitoa. Kwa hiyo nikisikia mteja wa hoteli au wa taasisi moyo unasita.

Mwenye Mkokoteni

Mimi ni kijana ninayekusanya taka katika masoko ya mjini, na kwa kuwa nyote mmelitaja biwi, naomba niseme kuhusu biwi.

Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza pale pale zinapotoka. Katika masoko ninayoyajua hilo halifanyiki, na si kwa ukaidi wa akina mama. Ni kwamba hakuna mahali pa kutia. Kuna biwi moja, na ndani yake utakuta majani ya kabichi, maganda ya ndizi, nyuzi za plastiki za magunia, vipande vya chupa na nepi. Nikipata taka za meza moja kabla hazijafika kwenye biwi, zina thamani. Zikishafika huko hazina, kwa sababu nyuzi zile za gunia hujifunga kwenye reki na kwenye koleo, na mkulima akiziona katika mboji mara moja tu hanunui tena. Kwa hiyo napita na ndoo saa tisa alasiri, wakati akina mama wanachambua majani yaliyonyauka, nachukua mkononi mwao.

Mboji yetu inachukua karibu miezi mitatu. Tunaipanga kwa tabaka, majani mabichi kisha nyasi kavu au pumba za mpunga kutoka vinu vya Ahero, tunaigeuza, na tunachomeka fimbo katikati ili tukiichomoa tujue kwa mkono kama ndani kuna joto. Sehemu nyingine tunawalisha funza wa nzi weusi, wale wanaofugwa, na kwa muda wa kama wiki mbili funza wamekula na kunenepa. Hao, wakilishwa kuku, ndio jibu la mayai aliyoyataja Mwalimu. Chakula cha kuku hapa kinategemea sana omena, na omena inafungwa kuvuliwa kuanzia Aprili hadi Julai, bei inapaa, mfugaji anaacha kufuga, na yai la ng'ambo linaingia. Isitoshe, omena anayoila kuku ingeweza kuliwa na mtoto, na Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa lile.

Nina ombi kwako, Katibu. Gari lenu likishashusha mboga Jumapili, linarudi Nyando na nini?

Katibu wa Nyando

Linarudi tupu.

Mwalimu wa Njoro

Mwenye Mkokoteni amenifundisha, na sasa nadhani Katibu ana pendekezo lake, ila tutatue lile la malipo kwanza.

Shule za sekondari ziko chini ya serikali kuu na fedha zake hufika kwa vipindi, hivyo kaunti haiwezi kuwasaidia hapo hata ikitaka. Lakini Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti hospitali zake pamoja na elimu ya chekechea. Jikoni la hospitali hununua mboga kila siku ya mwaka, na mgonjwa hafungi muhula. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 nayo inataka angalau asilimia 20 ya manunuzi ya kaunti iwaendee wakazi wa kaunti hiyo, mbali na ile asilimia 30 iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama wa Nyando kinasimama katika milango yote miwili. Brazil ilikwenda mbali zaidi: sheria yao ya mwaka 2009 iliagiza kwamba angalau asilimia 30 (iliyopandishwa kuwa 45 kuanzia mwaka 2026) ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zitumike kununua kutoka kwa familia za wakulima wadogo, na hivyo mkulima akajua kabla ya kupanda kwamba yupo atakayenunua.

Ila andikeni muda wa malipo ndani ya pendekezo lenyewe. Zabuni isiyo na tarehe ya malipo ni mkopo ambao maskini anaikopesha serikali. Na msichelewe, kwa sababu mpango wa maendeleo wa mwaka unapaswa kufika katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na baada ya hapo kuongeza mstari ni vita.

Katibu wa Nyando

Tumekutana jana chini ya mwembe wa mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza kikao hakikuvunjika. Tutaomba banda moja la kukusanyia mboga hapa kijijini, lenye paa, meza za kuchambulia, kreti na mzani, pamoja na mapipa mawili ya taka katika sehemu yetu ya soko. Gari litapeleka mafungu yaliyopimwa na kurudi na mboji ya Mwenye Mkokoteni, ambayo tumekubaliana kuilipia nusu kwa fedha na nusu kwa mboga. Tutaomba pia nafasi ya kulisha jikoni la hospitali moja ya kaunti ndogo kwa miezi sita ya majaribio, malipo yakifanyika ndani ya siku 30. Wazee wa pampu za sola bado wananuna. Nimewaambia mwakani.

Swali la mwisho ni kwa Mama Viazi. Mzani wa namna gani, na nani atauamini?

Mama Viazi

Wa kuning'inia, wenye ndoana na uso wa saa, usio wa betri, kwa sababu betri hufa siku ya soko. Kabla ya kuutumia upelekeni kwa maafisa wa mizani na vipimo wa kaunti wakaukague na kuupiga muhuri, na mrudie kila mwaka. Kisha uning'inizeni mahali ambapo muuzaji na mnunuzi wote wanauona uso wake, wala asiushike mtu mmoja peke yake. Wangu una kovu ubavuni, uliangukiwa na gunia pale Molo, lakini bado unasema kweli. Jumapili nitashusha viazi Kibuye alfajiri. Njoo na mwenyekiti wako muuone kabla hamjanunua.